Fashifashi, ndege inayoruka na ndege anayeruka



Sikukuu ya Taifa inakaribia. Tangu mwaka 2025 tunaisherehekea tarehe 20 Novemba, kwa kukumbuka mwaka 1744, utawala wa Al Busaidi ulipoanza chini ya Imam Ahmed bin Said. Bendera zimeanza kuonekana kwenye magari, na watoto darasani hawazungumzi jengine ila fashifashi. Ndipo mwanafunzi mmoja wa miaka tisa akaniuliza: "Mwalimu, fashifashi zinaweza kuipiga ndege ikaanguka?" Baba yake alikuwa na safari ya Zanzibar wiki hiyo hiyo. Wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Swali lile halikustahili kuchekwa. Mtoto ambaye nusu ya jamaa zake wako Muscat na Nizwa, na nusu nyengine wako Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, anaijua ndege kama jirani anavyolijua basi. Ndiyo inayomleta bibi, na ndiyo inayomchukua baba. Nilimjibu kwa ufupi pale darasani, na hapa nalijibu kwa urefu, ili na wewe mzazi ukiulizwa nyumbani uwe na la kusema, tena kwa Kiswahili.

Kabla ya kwenda mbali, hebu tuitazame lugha yetu. Neno "ndege" lina maana mbili. Ndege mwenye mbawa na manyoya anaruka, anatua, ana kiota. Ndege yenye mbawa za chuma inaruka, inatua, ina rubani. Neno ni lile lile, ila kitenzi ndicho kinachokwambia ni ipi. Mtoto akisema "ndege anakuja", mtafute mtini. Akisema "ndege inakuja", tazama juu sana. Shika tofauti hii, kwani swali la mwanafunzi wetu lina majibu mawili: moja la ndege inayoruka na moja la ndege anayeruka.

Tuanze na ile ya chuma.

Ndege ya abiria ikiwa katikati ya safari huwa juu kiasi cha mita 10,000 hadi 12,000. Ukisimama hapa Tanuf ukatazama milima iliyo nyuma yetu, kilele cha Jabal Shams kina kiasi cha mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Basi ipandishe Jabal Shams juu ya Jabal Shams, na nyengine juu yake, na bado hujaifikia ndege. Sasa fashifashi. Hizi ndogo ambazo watu huzirusha barazani au mtaani, kwa kawaida hazivuki mita 50 au 70. Zile kubwa za serikali, zinazofyatuliwa na mafundi kutoka kwenye mabomba maalumu, hupanda kwa kadiri ya ukubwa wa tufe lake. Mafundi wana hesabu yao nyepesi: kila inchi moja ya upana wa tufe huipandisha kiasi cha mita 30. Tufe la inchi 3 hupasukia karibu na mita 90, la inchi 6 karibu na mita 180, na lile kubwa la inchi 12 hufika mita 300 na ushee. Mwezi Februari 2020, katika mji wa Steamboat Springs, jimbo la Colorado huko Marekani, watu walirusha tufe moja lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,200, wakavunja rekodi ya dunia. Hata hilo halikupanda kilomita moja.

Kwa hiyo mwambie mtoto bila wasiwasi: ndege iliyokwisha kupaa ikakaa kwenye njia yake haifikiwi na fashifashi yoyote. Ukipanga fashifashi kubwa za mita 300 moja juu ya nyengine, utahitaji zaidi ya 30 ili uguse tumbo la ndege ile. Abiria aliye dirishani huziona ziko chini kabisa, kama maua madogo yanayochanua na kunyauka.

Lakini ndege haiwi juu safari nzima. Inapaa na inatua, na hapo ndipo pa kuangaliwa. Ndege inayotua hushuka taratibu kwa mteremko wa digrii 3. Maana yake ni kwamba kwa kila kilomita moja iliyobaki kufika kwenye njia ya kutulia, ndege huwa juu kwa mita 52 hivi. Wanafunzi wa darasa la tano, chukueni kalamu. Ikiwa imebaki kilomita 20, iko mita 1,040. Ikiwa imebaki kilomita 10, iko mita 520. Ikibaki kilomita 4, iko mita 208 tu. Sasa linganisha na tufe la inchi 12 linalopanda mita 300. Mmeona? Hapo hesabu imegeuka. Mtu akifyatua fashifashi kubwa karibu na uwanja, chini ya njia ya kushukia, anaweza kuifikia ndege.

Ndiyo maana maonyesho makubwa hayafanywi ovyo. Huombewa kibali, mahali na saa hujulikana mapema, na waongoza ndege huwatangazia marubani wote: usiku fulani, kuanzia saa fulani mpaka saa fulani, mahali fulani kutarushwa fashifashi hadi mita kadhaa. Rubani husoma tangazo hilo kabla hajawasha injini. Ikibidi, ndege hucheleweshwa au hupitishwa upande mwengine. Tazameni Dubai, majirani zetu. Burj Khalifa lina urefu wa mita 828, na mwaka mpya ukiingia fashifashi hurushwa kutoka kwenye jengo lenyewe, katika mji wenye mojawapo ya viwanja vya ndege vyenye shughuli nyingi kabisa duniani. Sherehe inapita na ndege zinatua, kwa sababu watu wa sherehe na watu wa anga wamekaa kitako wakapanga. Hatari kubwa ni ya yule asiyepanga na mtu: kijana aliyenunua boksi la magendo akalipeleka uwanda wa karibu na kiwanja cha ndege.

Na hata hapo, jambo la kuogopa zaidi si kwamba fashifashi itaitoboa ndege. Jambo la kuogopa ni macho ya rubani. Ukitoka kwenye mwanga mkali ukaingia gizani, macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri. Rubani anayetua usiku anatafuta mistari ya taa za uwanja kwa macho yaliyozoea giza. Mwako wa ghafla mbele ya kioo chake unaweza kumpotezea uoni kwa sekunde ambazo hana za kupoteza. Kwa sababu hiyo hiyo, zile kalamu za leza za kijani ambazo watoto huzinunua kama mchezo ni mbaya kuliko fashifashi. Fashifashi inakufa baada ya mita mia mbili tatu, lakini mwanga wa leza huenda kilomita nyingi, na ukifika kwenye kioo cha rubani hutawanyika ukajaza chumba kizima. Mzazi, ikiwa mwanao anayo kalamu ya leza, mwambie asiielekeze juu kamwe. Kwa watu wa anga huu si mchezo, ni kosa.

Kuna chombo kimoja ambacho kwangu mimi ndicho khasa cha kufikiriwa usiku wa sikukuu, nacho ni helikopta. Mimi ni muuguzi, na sisi tunaofanya kazi za hospitali katika Dakhiliyah tunaijua sauti yake. Helikopta za Polisi wa Oman huwachukua wagonjwa na majeruhi kutoka milimani na mabondeni, mahali ambapo gari la wagonjwa lingechukua saa nyingi: mama mjamzito kijijini juu ya mlima, mtalii aliyeteleza kwenye korongo, familia iliyozingirwa na maji ya wadi. Helikopta hairuki mita 10,000. Inaruka chini, inafuata mabonde, na inatua karibu na watu. Pale ndani amelala mtu ambaye dakika kumi kwake ni uhai. Ikiwa mtaa wa karibu na hospitali unarusha fashifashi holela, rubani analazimika kuzunguka au kungoja. Hiyo ndiyo ndege ambayo fashifashi ya mtaani inaweza kuifikia. Basi usiku huo ukisikia mngurumo wa helikopta, acha, zima, tazama juu, na umwombee dua aliyemo.

Sasa twende kwa ndege yule mwenye manyoya.

Wataalamu wa Uholanzi waliwahi kuitumia rada ya hali ya hewa kuangalia angani katika usiku wa mwaka mpya, kwa miaka mitatu mfululizo. Walichokiona ni hiki: dakika chache tu baada ya saa sita za usiku, fashifashi zilipoanza, maelfu kwa maelfu ya ndege waliokuwa wamelala kwenye maziwa na majani ya jirani waliinuka kwa pamoja wakapanda mpaka kiasi cha mita 500, ambako kwa kawaida usiku ule hakuna ndege yeyote. Huko Beebe, jimbo la Arkansas nchini Marekani, usiku wa kuamkia mwaka 2011, maelfu ya ndege weusi walianguka wakafa majiani. Walishtushwa na milipuko, wakaruka gizani, wakajigonga kwenye majumba na miti. Mji wa Roma, mwaka mpya wa 2021, asubuhi barabara za karibu na stesheni kuu ya treni zilikuwa zimejaa ndege waliokufa.

Na ndege anayeruka akikutana na ndege inayoruka, wote wawili wana shida. Tarehe 15 Januari 2009, ndege ya abiria ilipaa kutoka New York, ikakutana na kundi la mabata bukini wakubwa, wakaingia kwenye injini zote mbili, na injini zikapoteza nguvu. Rubani Chesley Sullenberger aliitua juu ya mto Hudson, na watu wote 155 wakatoka hai. Ilikuwa mchana na hapakuwa na fashifashi, lakini mfano huu unatuonyesha nguvu ya ndege mdogo mbele ya injini kubwa. Watu wa viwanja vya ndege wanalijua hili, na wao wenyewe hutumia mizinga ya gesi na fataki za kufukuzia ndege. Tofauti ni kwamba wao wanafukuza wakati hapana ndege inayotua, na wanajua wanawafukuzia wapi.

Basi jibu la mwanafunzi wetu ni hili. Baba yako akiwa juu, hakuna fashifashi itakayomfikia. Akiwa anapaa au anatua, wapo watu ambao kazi yao ni kuhakikisha haimfikii. Sehemu iliyobaki ni yetu sisi huku chini: tusirushe karibu na viwanja, na tusirushe mahali penye ndege wengi waliolala.

Kuna njia nyengine ambayo fashifashi inaweza kuidhuru ndege, nayo ni ya kuingia nayo ndani. Hii inatuhusu sisi zaidi kuliko watu wengi, kwa sababu sisi ni watu wa mabegi. Nani kati yetu amekwenda Unguja na begi moja? Tunabeba halua, tende, mashuka, vitenge, na zawadi za watoto. Na watoto wa huko wakiulizwa wanataka nini, hutaja fashifashi. Fashifashi, hata zile ndogo kabisa, hata vile vijiti vya cheche vya keki, haziruhusiwi ndani ya ndege ya abiria, si kwenye begi la mkononi, si kwenye begi linaloshushwa chini. Sababu yake ni ya kielimu. Baruti ya fashifashi ina kemikali inayotoa oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo ukiwaka moto ule hauzimiki kwa kunyimwa hewa. Tarehe 11 Mei 1996 ndege moja ilianguka Florida ikaua watu 110, kwa sababu mitungi midogo ya kutengeneza oksijeni iliwaka moto ikiwa katika sehemu ya mizigo. Haikuwa fashifashi, lakini kanuni ya moto ni ile ile: moto unaojilisha wenyewe, mahali ambapo hakuna mtu wa kuuona. Mzazi, kabla ya safari ya likizo lifungue begi la mwanao mwenyewe. Mpelekee binamu yake kitabu au mpira.

Na kwa kuwa kalamu iko mkononi mwa muuguzi, nisiondoke bila kusema ukweli huu: ndege nyingi hutua salama usiku wa sikukuu, lakini vidole na macho ya watoto ndivyo tunavyovipokea hospitalini. Sheria ya Oman inakataza kuingiza na kuuza fashifashi bila kibali, na kila sikukuu Polisi hutukumbusha. Hata hivyo boksi la magendo halikosi njia yake mpaka kwenye habta za Idi. Kile kijiti cha cheche ambacho tunampa mtoto wa miaka minne kwa kuwa "hakina neno", ncha yake hufika kiasi cha nyuzi 1,000 za Selsiasi. Maji ya chai yanachemka kwa nyuzi 100. Hesabu mwenyewe.

Akiungua mtoto, mpeleke kwenye bomba, mwagia maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usitie barafu, usitie dawa ya meno, usitie samli wala unga wa kahawa, hata kama bibi anasisitiza. Mwambie bibi kwa adabu kwamba muuguzi kakataza. Fashifashi ikimpiga jichoni, usilisugue, usilibonyeze, usilioshe, usitie dawa yoyote. Lifunike kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, mfano kitako cha kikombe cha karatasi, kisha hospitali moja kwa moja. Na fashifashi iliyokataa kuwaka usiirudie. Wengi tunaowafunga bendeji waliirudia kuitazama imekwama nini.

Nimalize na jambo la mji wetu. Watoto, mnapokwenda Ijumaa kwenye bonde la Tanuf kucheza kwenye maji, mnayapita yale magofu ya udongo yaliyo mdomoni mwa wadi, karibu na falaj. Ule ulikuwa mji wa watu, wenye msikiti na nyumba za ghorofa, makao ya Sheikh Suleiman bin Himyar wa Bani Riyam. Katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Jabal Akhdar, ndege za kivita za Uingereza zilizokuwa zikimsaidia Sultan Said bin Taimur ziliupiga mabomu mji ule ukabomoka. Hapa kwetu, basi, moto ulishuka kutoka kwenye ndege kuwafikia watu, si kinyume chake. Wapo wazee waliousikia mlio ule wakiwa watoto. Na wapo babu na bibi zetu waliokuwa watoto Unguja mwaka 1964, na mlio wa ghafla wa usiku hauwapi raha mpaka leo.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo ya kuitwa bibi, kila usiku wa fashifashi huingia chumba cha ndani akafunga dirisha na kuwasha redio kwa sauti kubwa. Wajukuu wake wakidhani hapendi sherehe. Mwaka jana binti yake alifanya jambo dogo ambalo naomba nasi tulifanye: alimwambia mapema. "Mama, leo saa mbili kamili zitaanza, zitakwisha saa mbili na robo. Mimi nitakaa na wewe." Bibi akakaa sebuleni pamoja na wenzake, mkono wake mkononi mwa binti yake, na zilipokwisha akauliza kama chai iko tayari. Watu wa anga humtangazia rubani mahali na saa ili asishtuke. Bibi naye anastahili tangazo lake.

Sikukuu njema kwenu nyote, na insha'Allah tuonane darasani Jumamosi.

Maneno ya wiki: fashifashi, fataki, baruti, rubani, mwongoza ndege, kupaa, kutua, tufe, magofu, tangazo.

Kazi ya nyumbani: (1) Tunga sentensi mbili za "ndege anaruka" na mbili za "ndege inaruka". (2) Usiku wa sikukuu, ukiona mwako wa fashifashi, hesabu sekunde mpaka usikie mlio. Sauti huenda kilomita moja kwa kiasi cha sekunde 3. Fashifashi ilikuwa mbali gani? (3) Muulize babu au bibi: ulipokuwa mtoto, sikukuu ilitambulikana kwa sauti gani? Andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, usimsahihishe.